Kazi Ndiyo Inauliza

Ng'ombe wangu wa hapa Nyansiongo bado hawajaelewa kwamba nimestaafu. Wanadhani nimefukuzwa. Miaka yote walizoea kukamuliwa harakaharaka na mwanamke aliyevaa gauni jeupe chini ya leso, jicho moja kwenye ndoo na jingine barabarani. Sasa nakaa nao, nawasemesha, nao wananitazama kwa shaka. Siku ya kuniaga nyinyi mliobaki wadini mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nashukuru, baridi ya huku mnaijua. Saa sijui mlidhani nitaitazamia nini.

Mliniomba pia niandike machache kuhusu kazi, hasa nyinyi mnaopanga kuhamishia vyeti vyenu ng'ambo, ambao kila mara mlinijia na swali moja: "Sista, huko mtihani ni mgumu?" Nimekaa kuandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara tuliulalamikia pamoja kiasi cha kutosha. Nitawaeleza habari ya jina, kwa sababu kazi yangu yote, nikiitazama sasa, naona ilizunguka hapo.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa wadi ya wanaume, nikakabidhiwa kipimajoto cha zebaki na onyo kwamba kilikuwa cha wadi nzima. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo. Tuliyachemsha kila asubuhi mpaka madirisha yakatoa jasho, na shashi ya vidonda tuliikata na kuikunja wenyewe tukipiga soga. Nyinyi mnaofungua pakiti na kutupa hamjui utamu wa soga hiyo. Aliyetusimamia alikuwa Sista Akinyi, mtu wa ziwani, mrefu, mwenye viatu visivyotoa sauti. Ulikuwa unajua amefika pale tu wagonjwa wote wanaponyamaza.

Sista Akinyi alikuwa na sheria moja iliyotutesa sisi wenyeji kuliko zote: kabla hujampa mgonjwa kitu chochote, muulize jina lake. Mtu wa nje hawezi kuona ugumu uko wapi. Kwetu Wagusii kuna kitu kinaitwa chinsoni, aibu na heshima zikiwa zimefungwa pamoja. Mtu wa rika la baba yako humwiti kwa jina lake, unamwita kwa jina la mtoto wake. Humkodolei macho usoni ukimuuliza mambo ya mwili wake. Baba mkwe ndiyo kabisa. Mke wa mwanawe haingii chumba anacholala, hamwoni akiwa amejinyoosha kitandani, na jina lake halipiti kinywani mwake, hata kama ni jina la Biblia. Namjua mkaza mwana mmoja ambaye akipewa kusoma kitabu fulani cha manabii kanisani hushikwa na kikohozi, ili mwingine asome.

"Bosibori," Sista Akinyi aliniuliza juma lile la kwanza, amesimama kando ya kitanda, "huyu mzee ana jina ama hana?"

"Ana, Sista. Ni Baba Moraa."

"Hiyo ni jina ya mtoto. Yeye, mama yake alimwita nani?"

Nikatazama sakafu. Mzee naye akatazama dirisha. Mwishowe Sista Akinyi akamuuliza mwenyewe, akajibiwa bila shida, maana yeye Mjaluo chinsoni zetu hazikumshika. Tangu siku hiyo tukawa tunamtuma. Mgonjwa mzee akilazwa, mmoja wetu anakwenda kumnong'oneza Sista: tafadhali tuulizie. Alikuwa msimamizi wa wadi, nasi tulimfanya mjumbe wetu wa majina. Alituvumilia kwa muda.

Uvumilivu huo uliisha siku tuliyokuwa na kina Baba Moraa wawili. Moraa ni jina la nusu ya wasichana wa Kisii, kwa hiyo hilo lilikuwa linangojewa. Mmoja alikuwa na ngiri ya kupasuliwa asubuhi hiyo. Mwingine alikuwa na homa ya mapafu, na kazi yake yote ilikuwa kupumua. Mpagazi akaja na machela, akauliza Baba Moraa ni nani, mwenzangu mmoja akaelekeza kwa kidevu, na yule wa mapafu akapakiwa. Hakupinga. Watoto wa watu wamekuja kumchukua kwa adabu, angepingaje? Sista Akinyi alimkuta mlangoni mwa theata, chumba cha upasuaji. Akaweka mkono kwenye machela na kumuuliza, "Jina yako wewe mwenyewe?" Mzee akajibu, na jina halikuwa lile la kwenye orodha ya daktari.

Sista Akinyi hakupiga kelele. Alitukusanya na kusema, "Hii heshima yenu iko mzuri sana. Siku moja itaua mtu." Kisha akaanza kukata plasta, kuandika jina na kuibandika kwenye kifundo cha mkono wa kila mgonjwa. Sisi tulizisoma plasta hizo kwa furaha kubwa, maana kusoma si sawa na kuuliza. Yeye akaendelea kusisitiza tuulize na kusoma, vyote viwili. Alipostaafu na kurudi kwao, nilirithi wadi yake pamoja na hasira zake.

Miaka ilipita. Kioo kikaenda, plastiki ikaja. Halafu vijana wakaanza kuondoka kwenda ng'ambo, mmoja, kisha makundi. Wengine walisema nchi inaporwa. Mimi niliwasaidia, kwa sababu mtoto wa watu akitaka kwenda mbali na amejifunza vizuri, utamshika shati? Katika wote niliowasindikiza, aliyenifundisha zaidi ni Kerubo.

Kerubo alikuja wadini akiwa kimya na mikono iliyojua kazi. Mtoto aliyekauka kwa kuhara, mshipa umejificha, daktari amejaribu amechoka, Kerubo anashika mguu mdogo ule, anasubiri kidogo, sindano inaingia. Haongei. Ukigeuka dripu inashuka na yeye ameshafika kitanda kingine. Nilimpenda kama mwanangu, na sioni sababu ya kulificha hilo. Alikuwa ameolewa Nyaramba na mwalimu mmoja aitwaye Ezra. Baba yake Ezra ni mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa Sabato asubuhi watoto wote wanakaa wima. Jina lake sitaliandika kwa sasa. Hata mimi niko rika la watoto wake. Tutamwita Baba Ezra mpaka mwenyewe atakapolitaja.

Safari ya vyeti vya Kerubo ilikuwa ndefu. Chuo chake kithibitishe alisoma. Bodi ya wauguzi ithibitishe hajawahi kumdhuru mtu. Polisi nao wathibitishe. Uingereza walitaka kwanza kujua kwamba yeye ni yeye, na kila ofisi ilikuwa na foleni yake ya kumjua. Kulikuwa na mtihani wa Kiingereza ambapo aliambiwa aeleze likizo aliyoifurahia. Kerubo hajawahi kwenda likizo. Akaeleza kwa ufasaha mazishi ya shangazi yake huko Rigoma, chakula, nyimbo na mvua, na akapasi vizuri. Mtihani wa kompyuta nao akapasi. Akaondoka, akamwacha Ezra na binti yao mdogo Nyaramba. Mpango ulikuwa wazi: akishapasi mtihani wa vitendo kulekule na kusajiliwa kuwa muuguzi kamili, atawaita. Asipopasi, anarudi nyumbani, na milango yote aliyofungua inajifunga.

Alianguka.

Sikuamini. Nilidhani wamekosea mtu, ningeweza hata kuwashtaki. Akajaribu tena, akaanguka tena, sasa ikabaki nafasi ya mwisho. Siku hiyo alinipigia simu ya video, uso umevimba kwa kulia.

"Kwani walikuuliza nini?" nikamuuliza.

"Hawakuuliza kitu, Sista. Mimi ndiye ninafaa kuuliza."

Akanieleza. Unaingia chumbani, kuna mgonjwa wa kuigiza kitandani, mtu mzima mwenye mvi, na msimamizi pembeni anatazama. Unamtazama mgonjwa usoni. Unamuuliza jina lake lote, siku aliyozaliwa, na angependa umwite nani. Unasoma bangili ya mkononi kuhakikisha. Na kila unalofanya unalisema kwa sauti, maana wao wasilolisikia wanahesabu hukulifanya. Mara ya kwanza Kerubo alifanya kila kitu sawasawa, kimya kabisa, kama tulivyomzoea. Mara ya pili alisema vizuri mpaka alipofika kwa jina. Mzee akamwambia, "Niite Jim." Akashindwa.

"Ulimwita nani?"

"Sikumwita. Niliangalia shuka tu. Sista, anakaa kama baba mkwe. Nikifungua mdomo inakauka."

Nilitaka kuwakasirikia Waingereza, lakini nikawakumbuka kina Baba Moraa na ile machela mlangoni mwa theata. Mtihani ulikuwa na haki. Sista Akinyi angeuandika hivyohivyo.

Tukaanza mazoezi kwa simu. Nilimweka mwanafunzi kitandani awe mgonjwa, Kerubo akamuuliza jina bila shida. Mwanafunzi alikuwa kijana. Nikajiweka mimi mwenyewe, akaniuliza huku akicheka. Lakini akimfikiria mzee wa kweli, ulimi unamganda. Siku zikawa zinakwenda.

Jumapili moja nikaenda Nyaramba kumwona Ezra na mama yake, kuwaandaa kwa lolote. Tulikuwa tumekaa sebuleni tunaongea kwa sauti ya msiba. Baba Ezra alikuwa nje kwenye benchi, mgongo ukiwa dirishani. Nilidhani hasikii. Akaingia, akavua kofia.

"Msichana alishindwa na nini?" akauliza.

Ezra akanitazama. Nikajibu mimi, nikitazama kikombe changu: "Alishindwa kuuliza mzee jina, baba."

"Ni kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya wazee wote, baba. Ndivyo tumelelewa."

"Unamfundisha na nani?"

"Na vijana. Wazee wa kulala kitandani sina."

"Basi nitakuja mimi."

Mama Ezra akaweka sinia chini. "Utalala kitandani mbele ya bibi ya mtoto yako? Na akuite jina?"

"Nitalala. Na wewe utakuwa hapo unaona."

"Watu watasema nini?"

"Watasema nilikuwa mgonjwa," akasema. Kisha akanigeukia, na maneno aliyoyasema nimeyabeba mpaka leo. "Chinsoni tuliwekewa ndiyo tukae vizuri kwa boma moja. Haikuwekwa ndiyo mtoto ya mtu aanguke huko mbali akiwa peke yake. Tutaiweka kando kidogo, halafu tutairudisha mahali yake."

Nimefanya kazi na madaktari hodari, wengine wakiwa na herufi nyingi nyuma ya majina yao. Sijamwona mtu akichukua uamuzi mgumu kwa utulivu kama ule.

Walikuja hospitali asubuhi, yeye amevaa suti ya kanisani, mama amevaa kitambaa chake cha Sabato. Niliwapeleka chumba cha mazoezi cha wanafunzi, nikamtoa yule mwanasesere, mgonjwa wetu wa plastiki, kitandani na kumsimamisha kwenye kona. Mama Ezra alimtazama kwa wasiwasi muda wote. Mzee akavua viatu, akavipanga sawasawa chini ya kitanda, akalala na koti lake. Nilimfunga plasta ya jina mkononi kama Sista Akinyi alivyotufundisha. Simu nikaifunga kwa plasta nyingine kwenye chuma cha dripu, ikamwelekea.

Kerubo alitokea kwenye simu, akaona ni nani amelala, na uso wake ukatoweka. Tukaona dari tu.

"Sista, hapana," tukasikia akisema. "Hapana, hapana."

Kwa miaka yote ya ndoa yake mzee yule alikuwa anamwita moka Ezra, yaani mke wa Ezra. Sasa akainua kichwa kwenye mto.

"Kerubo."

Dari ikatulia.

"Kerubo, rudi hapa. Mimi ni mgonjwa na hakuna mtu ananiuliza kitu. Hii ni hospitali aina gani?"

Mama Ezra akaziba mdomo kwa kitambaa. Uso wa Kerubo ukarudi polepole, umelowa.

"Si wewe unauliza," mzee akamwambia, sasa kwa upole. "Wewe mtoto yetu huwezi kuniuliza. Kazi ndiyo inauliza. Wewe uipatie mdomo tu."

Kerubo akafunga macho, akayafungua, akamtazama. Akajitambulisha. Akamuuliza jina lake lote. Mzee akalitaja, lakini hapo alimtajia yeye; nyinyi ngojeni. Akamuuliza siku aliyozaliwa, na hapo mambo yakaharibika kidogo, kwa sababu mzee alisema mwaka wa nzige, mkewe kutoka kwenye kiti akasema nzige walikuja kabla, kitambulisho nacho kikasema Januari mosi kama vitambulisho vya wazee wote. Tulikubaliana na kitambulisho.

"Na ungependa nikuite nani?" Kerubo akauliza.

Mzee akatazama juu. Tusimdanganye mtu, hata kwake haikuwa rahisi.

"Niite jina yangu," akasema.

Naye akamwita. Mara ya kwanza kwa kunong'ona. Mzee akadai hasikii. Mara ya pili ikatoka wazi, na chumba kizima kikavuta pumzi, nadhani hata yule wa plastiki.

Tukarudia, na siku nyingine wakaja tena tukarudia. Mzee aligeuka kuwa mgonjwa msumbufu kupita wote niliowauguza: alilalamika juu ya mto, alitaka chai, alikataa dawa mpaka aelezwe ya nini. "Huko atapata wabaya kuliko mimi," alijitetea. Kerubo akawa anamjibu akimtazama machoni, anataja kila anachofanya, ananawa mikono kwa sauti. Siku ya mtihani wa mwisho, mzee hakwenda kuchuma chai. Alikaa kwenye benchi lake la nje amevaa suti.

Alipasi. Nilikuwa nagawa dawa za mchana simu ilipoingia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliacha kigari cha dawa katikati ya wadi nikatoka nje kulia. Mwaka haukuisha kabla Ezra na binti yao hawajamfuata.

Jambo la mwisho lilitokea nikiwa nakaribia kustaafu. Mzee aliteleza shambani kwake akavunjika nyonga. Nawaambia mapema kwamba leo anatembea kwa mkongojo na anasumbua watu kama kawaida, ili msisome kwa wasiwasi. Ila asubuhi ile ya upasuaji hatukujua hivyo. Kerubo alikuwa amefika kutoka ng'ambo, amekonda kwa safari. Walipomsukuma mzee kwenye machela, Kerubo alifuata kwa mbali, na walipofika mlangoni mwa theata akasimama koridoni, akageukia ukuta. Baba mkwe amelala. Hakuna mtihani hapa. Chinsoni ilikuwa imerudishwa mahali pake, kama ilivyoahidiwa.

Aliyempokea ni muuguzi mpya, binti wa jirani zao kabisa huko Nyaramba. Akatazama karatasi, akatazama sakafu, akaniambia mimi, "Huyu ni Baba Ezra, Sista."

Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka kwenye machela.

"Hiyo ni jina ya mtoto. Mimi mwenyewe niulize vizuri. Usiogope, mama. Kazi ndiyo inauliza."

Sista Akinyi alikuwa ameondoka zamani, na mzee huyu hakuwahi kumwona. Lakini maneno yalikuwa yaleyale yake.

Msichana akamtazama mzee, akamuuliza.

"Naitwa Zakaria Mogire Nyambane," akasema, kwa sauti ya kanisani, koridoni kote ikasikika. "Kama huamini, huyo amegeukia ukuta anaijua. Ndiyo alipasi nayo mtihani."

Mabega ya Kerubo yakaanza kutetemeka, sijui kwa kicheko au kilio, nadhani vyote. Msichana akashukuru, akashika machela kuisukuma ndani. Ndipo Kerubo aliposema, uso bado ukutani, kwa sauti ya muuguzi aliyesajiliwa:

"Na bangili ya mkono usome."

Machela ikasimama. Mzee Zakaria akatoa mkono chini ya blanketi, akaunyoosha.